Bastola ya Pili Niliichagua kwa Mkono wa Kushoto

Usiku ule nilifunga duka saa sita kasorobo. Mauzo ya siku yalikuwa kwenye mfuko wa khaki chini ya kiti cha gari, na bastola yangu, Glock 19, ilikuwa mahali pake pa siku zote: kiunoni upande wa kulia, ndani ya suruali, shati limeifunika. Nikasimama kwenye taa nyekundu, kusini-magharibi mwa Houston, barabara nyeupe haina mtu. Mara kishindo. Nimegongwa kwa nyuma. Shingo ilikwenda mbele ikarudi, na kabla sijajua sawasawa kilichotokea, kwenye kioo cha pembeni nikamwona mwanamume ameshuka, anakuja upande wangu mbiombio, mkononi ana kitu cheusi.

Waliouza dukani usiku katika jiji lile wanaujua mchezo huo. Unagongwa makusudi, unashuka kutazama bampa, unaporwa. Mkono wangu wa kulia ulikwenda kiunoni wenyewe, lakini haukufika. Mkanda wa kiti ulikuwa umejikaza kwa ule mgongano, shati limebanwa chini yake, na kiwiko kila kikirudi nyuma kinagonga kile kisanduku cha katikati ya viti. Nilivuta shati mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu akafika dirishani, akainama, akaweka kile kitu cheusi karibu na kioo. Simu. Ameiwasha tochi. Kijana wa miaka ishirini hivi, midomo inamtetemeka, ananiuliza kama nimeumia, anasema breki zimemkatalia.

Nilifika nyumbani nikakaa sebuleni gizani mpaka alfajiri. Nilimshukuru Mungu kwamba bastola haikutoka, kwa sababu yule mtoto wa watu hakuwa na kosa lolote ila breki mbovu. Na palepale nilikuwa nimejua jambo ambalo kwa miaka sita sikulijua: kwamba nikiwa nimekaa kwenye gari, nimefungwa mkanda, ile bastola niliyokuwa nikiitegemea iko mbali nami kama iko Tanga.

Tanga ndiko nilikozaliwa. Bunduki ya kwanza kuishika ilikuwa SMG, JKT Ruvu, mwaka 1991, chini ya afande aliyetufundisha kwamba silaha haishikwi kama jembe. Uraiani sikuwahi kuwa na silaha. Kwetu bunduki tuliiona kwa polisi, kwa mlinzi wa benki na kwa wazee wachache wenye magobole ya kuwindia nguruwe. Marekani nilikuja kutafuta maisha, nikapata uraia, nikaanza kuendesha duka la kituo cha mafuta, na baada ya jirani yangu wa biashara kuporwa mara mbili kwa mwezi mmoja ndipo nikaenda darasani kutafuta leseni ya Texas ya kubeba bastola. Mtihani wa shabaha ulikuwa risasi 50: 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, 10 kwa yadi 15. Alama kamili ni 250, ukipata 175 umefaulu. Nilifaulu vizuri, nikadhani nimemaliza kujifunza.

Asubuhi ya pili baada ya ajali nilimsimulia mteja wangu mmoja, mzee wa Kimarekani, polisi mstaafu, anayekuja kila siku kunywa kahawa kabla jua halijatoka. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia habari za Miami, Aprili 11, 1986. Maofisa wanane wa FBI waliwazuia majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix, kwa kuligonga gari lao. Mmoja wa maofisa hao, John Hanlon, alipoteza bastola yake kubwa palepale magari yalipogongana. Haikuonekana ilikoangukia. Akapigana na ile ndogo aliyokuwa nayo, Smith & Wesson Model 36, risasi tano tu. Siku ile maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa, Hanlon mwenyewe akiwemo, alipigwa risasi mkononi wakati akijaza upya. Mzee akaweka kikombe chake juu ya kaunta, akasema kwamba katika miaka yake ya kazi hakuwahi kutoka nyumbani na bastola moja, na kwamba ile ya pili alikuwa akiiweka upande ambao mkono wa kushoto unaufikia bila kuuliza.

Nilisikia neno "ya pili" vizuri kabisa. Neno "mkono wa kushoto" likapita.

Nikaenda dukani Jumamosi ileile. Tangu Ruger walipotoa LCP mwaka 2008, vibastola vya risasi ya .380 vilipendwa sana Marekani, na kabatini pale vilikuwa vimepangwa kama simu. Nilichochagua mimi kilikuwa cha kampuni nyingine, jina lake silitaji, maana yaliyonipata yanaweza kumpata mwenye kibastola chochote cha aina ile. Kilikuwa na uzito usiofika gramu 300. Nilikiweka kwenye kiganja kikafunikwa na vidole. Nilikitia mfukoni, nikatembea hatua kumi mbele ya kioo cha dukani, hakionekani. Nikajaza ile fomu ya serikali kuu, 4473, muuzaji akapiga simu ya ukaguzi, nikalipa, nikaondoka. Sikukipiga hata risasi moja kabla ya kukinunua. Nilinunua bastola kama mtu anavyonunua saa, kwa kuangalia inavyokaa.

Mwezi mzima nilikibeba kabla ya kwenda nacho kwenye uwanja wa shabaha. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu mwezi ule wote nilijiona mtu aliyelindwa.

Pale uwanjani nilipiga magazini ya kwanza kwa mikono miwili, yadi 5. Bastola nyepesi hupiga teke kali, hiyo haina mjadala: baruti ni ileile na uzito wa kuimeza haupo. Mpini ulikuwa mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na kila mlio ile sehemu laini kati ya dole gumba na cha shahada ilikuwa inachapwa. Risasi sita, nne zimeingia karatasini, zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Baada ya magazini mbili nilikuwa nimeshaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na mtu anayefumba macho haongezi ujuzi, anaongeza woga. Nikakirudisha kwenye mkoba.

Ndipo lile neno la mzee likanirudia. Nikakitoa tena, nikajaza, nikakishika kwa kushoto peke yake.

Risasi ya kwanza ilitoka. Ya pili haikutoka. Nilipotazama, ganda la ile ya kwanza lilikuwa limenasa kwenye tundu la kutolea, limesimama wima kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikalitoa, nikakoki, nikapiga: moja imetoka, ya pili imenasa. Katika magazini ile ya risasi sita ilikwama mara tatu. Bwana anayesimamia uwanja akaja, akanitazama mkono wangu, akanieleza. Bastola ya magazini inahitaji kifundo cha mkono kilichokaza. Mtutu na fremu visiposhikiliwa imara, nguvu inayopaswa kurudisha nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda na kurudi kila mlio, inapotea kwa kuusukuma mkono, slaidi haifiki mwisho, ganda linanasa. Bastola kubwa inasamehe kidogo. Hizi ndogo, zenye springi ngumu na slaidi nyepesi, hazisamehi. Akaniomba nimpe, akapiga yeye kwa kushoto kwake, magazini nzima ikaisha bila kukwama.

Kwa hiyo ile chuma haikuwa mbovu. Ulegevu ulikuwa wa mkono wangu, na ndio mkono ninaokwenda nao duniani. Nikakaa kwenye benchi nikafikiri: lini hasa nitaihitaji bastola ya pili? Ni siku ambayo ile ya kwanza imeshindikana. Imekwama, au imeanguka, au mtu ameikamata, au mkono wa kulia umevunjika, au nimebanwa kwenye kiti kama usiku ule. Yaani siku hiyo sitakuwa nimesimama wima, miguu imepanuka, mikono miwili imekaza, kama kwenye picha za matangazo. Nitakuwa nimeumia, nimelala ubavu, nimeshika kwa mkono dhaifu, moyo unapiga ngoma. Bastola ya siku hiyo haiwezi kuchaguliwa kwa mkono wenye nguvu. Tangu hapo kila niliyoifikiria niliijaribu kwanza kwa kushoto, na uwanja ule ulikuwa unakodisha bastola, kwa hiyo nilizipiga kwa fedha kidogo kabla ya kununua. Nilitumia wiki tisa.

Niseme nilizopitia. Glock 26 ilinivutia kuliko zote kwa hesabu, kwa sababu inapokea magazini za Glock 19. Ukibeba magazini moja ya akiba inazihudumia zote mbili, na kifyatuo ni kilekile kidole kilichokizoea. Nilipoipiga kwa kushoto haikukwama hata mara moja. Lakini ni nene. Ina karibu gramu 600 bila risasi, na mfukoni mwa suruali ya kawaida inaonekana kama umeficha kipande cha tofali. Anayebeba ya pili kiunoni upande wa kushoto au kwenye begi aitazame hiyo kabla ya nyingine yoyote, nasema hivyo kwa moyo mmoja. Mimi nilitaka mfuko.

Glock 43, iliyotoka 2015, na SIG P365, iliyotoka 2018, ni nyembamba, zinapiga milimita 9, na ile ya SIG inabeba 10 na moja kwenye chemba. Ni bastola nzuri sana. Wengi siku hizi wanaibeba P365 kama ya kwanza na hawana ya pili. Magazini zake haziingiliani na zangu, na Glock 43 nayo, pamoja na jina la familia, haipokei magazini ya 19, jambo ambalo wengi wanaligundua wameshalipa. Kwa kushoto kwangu P365 ilikwama mara moja katika risasi 40. Mara moja si nyingi. Ila nilikuwa nimeshaona ganda limesimama wima, na picha ile haikunitoka.

Mzee wa kahawa ndiye aliyeniletea jibu, nikamkatalia mara mbili kabla ya kumkubali. Rivolva. Bastola ya silinda, ya risasi tano, ya mtindo ambao Smith & Wesson walianza kuuza mwaka 1950 kwa jina la Chiefs Special, ukoo uleule wa ile aliyopigana nayo Hanlon. Niliona ni kitu cha zamani. Tano tu? Akaniambia niende nikakodi Model 642 nikaipige kwa kushoto, kisha nije tubishane.

Nilikwenda. Ni ndogo, mtutu wake haufiki sentimita 5, fremu ni ya aluminiamu, uzito ni gramu 400 na kitu. Nyundo imefichwa ndani ya fremu, kwa hiyo mgongo wake ni laini, hakuna kinachonasa kwenye nguo. Kifyatuo chake ni kirefu na kizito, kama kuvuta kilo 5 hivi kwa kidole kimoja. Kwa kushoto, mara ya kwanza, risasi mbili tu kati ya tano ziligusa karatasi kwa yadi 5. Lakini zote tano zilitoka. Nikalegeza kifundo makusudi, nikaishika vibaya makusudi, zote tano zikatoka tena. Silinda inazungushwa na kidole chako, haingoji teke la risasi iliyopita. Na risasi ikigoma kulipuka, huhitaji mkono wa pili wa kukoki, unavuta tena, inakuja nyingine.

Kuna faida nyingine ambayo mzee aliieleza nami sikuwa nimeifikiria. Bastola yenye slaidi ikisukumizwa kwenye kitu, mwili wa mtu anayekukaba kwa mfano, slaidi inarudi nyuma kidogo na haifyatui. Rivolva haina slaidi. Na yenye nyundo iliyofichwa inaweza kupiga zote tano ikiwa bado ndani ya mfuko wa koti, ambako slaidi ingenasa kwenye kitambaa baada ya ya kwanza.

Sijasema rivolva haina ubaya. Kujaza upya ni kazi. Ikiharibika, mara nyingi inaharibika kwelikweli na haitengenezeki pale pale barabarani. Na teke lake ni kali: ukiipa risasi za .38 Special zenye nguvu ya ziada, zile za +P, risasi kumi zinatosha kukuchukiza. Hapa ndipo nilipojifunza jambo la risasi zenyewe. Kwenye mitutu mifupi namna hii, risasi nyingi zenye tundu kwenye ncha, zile zilizoundwa zipanuke zikigonga, ama hazifunguki, kwa sababu kasi haitoshi, ama zinafunguka zikaishia njiani. Kipimo wanachokitumia FBI, na wengi wamekifuata, ni risasi ipenye jeli ya majaribio kati ya inchi 12 na 18. Wabebaji wengi wa bastola hizi wamerudi kwenye risasi ya kizamani ya kulengea shabaha, yenye kichwa bapa, uzito wa greni 148. Haifunguki, haijifanyi kitu isichokuwa, inapenya vya kutosha na teke lake ni la upole. Kwenye karatasi inakata tundu la duara safi, kama limetobolewa kwa mashine ya ofisini. Nilipoanza kuipiga hiyo, nikaacha kufumba macho. Ubaya wake ni mmoja: kichwa bapa hakiingii upesi kwenye matundu ya silinda, kinagonga ukingo. Kwa hiyo tano za kwanza ni bapa, na zile za akiba, kwenye kipande cha raba bapa kinachokaa mfuko wa nyuma, ni za kichwa cha mviringo.

Nilinunua 642 mwanzoni mwa 2020. Kile kibastola cha .380 nikakirudisha sokoni kwa hasara.

Kuhusu mahali pa kuibeba nilihangaika zaidi ya nilivyotarajia. Nilianza na kifundo cha mguu, kwa sababu nikiwa nimekaa kwenye gari mguu uko karibu. Wiki tatu. Ukiwa umesimama, kuifikia ni kupiga goti mbele ya adui, na jasho la Houston mwezi wa Juni si jambo dogo. Jioni nilikuwa nikiitoa imeota vumbi na nyuzi za soksi mpaka kwenye silinda. Nikahamia mfuko wa mbele wa kushoto, na hapo imebaki. Haiingii mfukoni uchi. Ina ala ya mfukoni, ya ngozi ngumu, inayofunika kifyatuo chote na yenye upande wa nje wa kukwaruza ili ibaki mfukoni bastola ikitoka. Mfuko huo hauna kitu kingine kamwe. Si funguo, si sarafu, si pipi ya mjukuu. Niliwahi kumsikia fundi mmoja wa bastola akisema vitu vidogo anavyovikuta kwenye vifyatuo vya watu, nikaenda nyumbani nikapindua mifuko yote.

Huo mfuko ndio ulioniletea siku mbaya kuliko zote katika habari hii. Jioni moja nilirudi nimechoka, nikavua suruali nikaitundika nyuma ya mlango, nikaingia kuoga. Ile ya kiunoni nilikuwa nimeshaifungia kwenye sanduku la chuma. Hiyo ilikuwa desturi ya miaka. Ya pili sikuikumbuka, kwa kuwa haina uzito wa kunikumbusha. Mke wangu akakusanya nguo za kufua. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo hajawahi kuniitia: "Baba, njoo chumbani." Nilimkuta amesimama mbali na kitanda, suruali ameiweka juu yake, hakuigusa tena. Mjukuu wetu wa miaka mitatu alikuwa amekaa sakafuni anachezea vibanio vya nguo, kapu liko pembeni yake. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Umeleta ya pili, basi uwe na macho mawili." Kule Texas ni kosa la jinai mtoto akiifikia silaha yenye risasi uliyoiacha ovyo, lakini siku ile sikuifikiria sheria. Nilifikiria vidole vile vidogo na vibanio vya nguo. Tangu hapo mlango wa kwanza nikiingia nyumbani ni wa lile sanduku, natoa zote mbili nimesimama, kabla ya viatu, kabla ya salamu. Anayetaka bastola ya pili ajiulize hili kabla ya kuuliza kipimo cha risasi.

Na kuna polisi. Mimi ni Mweusi, lafudhi yangu inanitangulia, na nina silaha mbili mwilini. Julai 6, 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani, akamwambia askari kwa utaratibu kwamba ana silaha. Alikuwa na kibali. Alipigwa risasi ndani ya gari, mpenzi wake pembeni yake na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma, akafia hospitalini usiku uleule, na mwaka uliofuata askari yule akaachiwa huru na mahakama. Hii habari siwezi kuiandika bila kusimama kidogo. Nikisimamishwa nazima injini, nawasha taa ya ndani, nashusha vioo, mikono yote juu ya usukani. Leseni ya udereva na ya silaha ziko kwenye klipu ya kizuia jua, hazikai mfukoni, ili nisipeleke mkono kokote karibu na kiuno. Nasema nina leseni, nina mbili, moja kiunoni kulia, moja mfuko wa kushoto, na nauliza nifanye nini. Nimesimamishwa mara mbili tangu nianze kubeba mbili. Mara ya kwanza askari alishukuru akaniambia niziache zilipo. Mara ya pili alinishusha, akazichukua zote akaziweka juu ya boneti mpaka alipomaliza kuandika onyo. Mara zote mbili nilifika nyumbani shati limelowa.

Tangu Septemba 1, 2021, Texas mtu wa miaka 21 au zaidi asiyezuiwa na sheria anabeba bila leseni. Vijana wetu wengi wameacha kwenda darasani. Mimi leseni yangu naihuisha. Duka langu halifiki futi 1,000 kutoka shule ya msingi, na sheria ya serikali kuu ya maeneo ya shule, inayokataza silaha ndani ya umbali huo, inamwachia mwenye leseni ya jimbo husika. Asiye na leseni hana kinga hiyo, hata kama jimbo limemruhusu. Na ile leseni ndiyo inayotambuliwa na majimbo mengine yaliyokubaliana na Texas.

Mazoezi yangu sasa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Naanza na 642 mkono ukiwa haujachoka. Nilikuwa nikianza na Glock kwa sababu inapendeza, nikifika kwenye ndogo nimechoka, naipiga tano za kuondoa lawama. Sasa ni 25 za kushoto kwanza, kwa yadi 3 na 5, halafu ndiyo mengine. Nyumbani, ikiwa tupu, silinda imefunguliwa ikakaguliwa kwa macho na kwa kidole, risasi zote ziko chumba kingine, navuta kifyatuo mara 20 kila jioni nikilenga kitasa cha gereji. Kile kifyatuo cha kilo 5 kilikuwa kinanitetemesha mkono mzima. Baada ya miezi minne hivi kikaanza kwenda kama mlango uliotiwa mafuta. Na garini, limesimama gereji, nimefunga mkanda, bastola tupu, nimefanya ile safari ya mkono wa kushoto kwenda mfukoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Inafika.

Mwezi uliopita ndugu yangu mmoja wa Mombasa, dereva wa malori, alinifuata uwanjani. "Kaka, nataka kama hiyo yako, tena nainunua leo leo," akasema. Nikampa 642, tano za kichwa bapa, nikamwambia apige kwa kushoto. Alicheka, kisha akapiga. Moja ilishika karatasi pembeni. Akaitazama bastola, akanitazama mimi, akaomba boksi zima. Tulipomaliza alikuwa anaweka tatu kati ya tano, kidole chekundu.

Kabla hatujaenda dukani nikamwuliza mizigo yake inakwenda wapi. Akataja Memphis, akataja Pennsylvania, akataja New Jersey, kila wiki mbili. Nikamwambia New Jersey hawaitambui leseni ya Texas, wala New York, wala California, na bastola yenye risasi mfukoni kule si kosa la kulipa faini ukaondoka, ni kifungo, na kwa mwenye karatasi za ukaazi tu kama yeye ni zaidi ya kifungo. Alinyamaza. Tukala nyama choma kwangu, tukazungumza mengine. Akiondoka, mlangoni, akasema atamwomba bosi wake ampe njia ya Laredo na Dallas, ambayo haivuki mpaka wa jimbo. Bado hajanunua. Bosi amemwambia angoje mpaka Januari.